Kabla hujaliongeza nguvu gari lako la kasi, kagua breki

MSOMAJI, kama unaishi karibu na barabara itokayo Nakuru kwenda Njoro, huhitaji kuambiwa kwamba gari aina ya Subaru Impreza linapita. Utalisikia kabla hujaliona. Mngurumo wake ni wa kukatikakatika, kama ngoma mbili zinazopigwa na watu wasiosikilizana, na watoto huacha mchezo wao wakasimama kando ya barabara kulitazama. Wapo vijana wa Chuo Kikuu cha Egerton ambao hawajui bei ya kitanda, lakini watakutajia nguvu za kila Impreza iliyotoka kiwandani tangu 1992.

Si ajabu. Maradhi haya ya kupenda magari ni ya zamani sehemu hizi. Maurice Egerton mwenyewe, yule Lord aliyejenga kasri lake hapa Njoro, alikuwa mgonjwa wa magari tangu ujanani, na Benz lake la mwaka 1900 limehifadhiwa hadi leo huko Tatton Park, Uingereza. Nayo Impreza ilijipatia jina mbele ya macho yetu. Mnamo 1994 Mkenya Patrick Njiru alimaliza Safari Rally katika nafasi ya nne akiwa ndani ya Impreza, na mwaka 1997 Colin McRae wa Scotland akashinda kwa gari la jina hilo hilo. Safari iliporejea katika mashindano ya dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, ilihamia Naivasha, kilomita 70 hivi kutoka Nakuru.

Lakini makala haya si ya madereva wa kulipwa. Ni yako wewe mwalimu, karani wa benki au mkulima wa viazi wa Mau Narok, uliyenunua gari la namna hiyo kwa jasho lako, na ambaye gereji yako ni kivuli cha mti nyuma ya nyumba. Mafundi wenyewe ni wewe na binamu yako, Jumapili baada ya kanisa.

Kwanza ujue ulichonunua. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika ambalo limepita umri wa miaka minane. Kwa hivyo Impreza za miaka ya tisini zilizopo leo ni zile zilizoingia zamani na kupita mkono baada ya mkono. Mwenye gari wa kwanza huenda alikuwa daktari mwenye kulipeleka huduma kwa wakati. Wa tatu alikuwa mwanafunzi. Wa tano alimwaga maji ya mto ndani ya rejeta na kulikimbiza mpaka Eldoret. Wewe ndiwe wa sita, na dhambi zote hizo umezirithi pamoja na funguo.

Ndiyo maana ninasema pesa ya kwanza isiende kwenye kuongeza nguvu. Iende kwenye kurudisha nguvu zilizokuwapo. Wengi hulalamika kwamba gari lao ni zito, wakakimbilia kununua bomba kubwa la moshi, kumbe plagi zimechoka, mipira ya hewa ina nyufa na klachi inateleza.

Hapa ni vyema tumkumbuke marehemu Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, ambaye alikuwa fundi kabla hajawa dereva wa kusifika. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Lilikuwa gari lililokwisha kushindaniwa na wengine, nao wakalitengeneza na kuliandaa upya kwa mikono yao. Katika Safari ya 1968 magari 93 yaliondoka na 7 tu yakafika mwisho. Wapo waliokuwa na kasi kuliko hao saba, ila magari yao yalibaki matopeni.

Sasa tuingie ndani ya boneti. Unaponunua gari la namna hii, usiamini kilomita zinazoonyeshwa kwenye dashibodi, wala neno la aliyekuuzia kuhusu mkanda wa taimingi. Mkanda huo katika Impreza za miaka hiyo hufaa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, vali hugongana na pistoni, na injini nzima huwa vyuma vikuukuu. Badilisha ukishanunua, kisha andika tarehe.

Oili nayo usiionee uchoyo. Mhimili wa turbo, yaani kile kifaa kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachouzuia usiungue ni utando mwembamba wa oili tu. Ukimaliza kupanda mlima kwa kasi, usizime gari papo hapo. Liache lingurume dakika moja au mbili lipoe. Majirani watadhani unajionyesha. Waache wadhani.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya huduma vya Japani havikuandikiwa Njoro. Mji huu uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Huku maji huchemka yakifika nyuzi 93 hivi, wala si 100 kama Mombasa. Mama anayepika maharagwe analijua hilo bila kusoma fizikia. Feni ya rejeta katika magari mengi ya aina hii haianzi kuzunguka mpaka maji yakaribie nyuzi 95. Ni nini basi kinachoyazuia yasichemke kabla ya hapo? Ni kifuniko cha rejeta. Kazi yake ni kuyabana maji, sawa na mfuniko wa sufuria ya presha, ili yastahimili joto kubwa zaidi. Springi ya kifuniko hicho ikilegea, gari ambalo lingevumilia pwani litachemka hapa kwetu ukiwa kwenye foleni tu. Vichwa vya silinda vitapinda na gasketi zitaungua. Na kwa kuwa silinda za Subaru zimelala ubavu, mbili huku na mbili kule, gasketi za kichwa ni mbili na mara nyingi injini hutolewa nje ndipo fundi azifikie. Linganisha gharama hiyo na ya kifuniko kipya, kisha ukinunue Jumatatu. Rejeta yenyewe itiwe kupozi halisi, si maji ya mfereji.

Hewa ya huku pia ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu moja kwa tano ya nguvu zake ikitoka Mombasa kuja Njoro. Yenye turbo hujitahidi kufidia upungufu huo kwa kuzunguka kwa kasi zaidi, na matokeo yake ni hewa yenye joto kali inayoingia kwenye silinda. Ongeza hapo suala la petroli. Impreza za turbo zilizotengenezewa Wajapani zilikusudiwa petroli yao bora, ambayo okteni yake hufika 100. Super yetu ya kawaida imekuwa ya okteni 93. Petroli yenye okteni ndogo, ikibanwa sana penye joto, hulipuka kabla ya wakati wake. Utasikia mlio kama wa kokoto ndani ya mkebe unapokanyaga mafuta mlimani. Usiupuuze mlio huo hata siku moja. Pistoni za injini hizi zina kingo nyembamba zinazoshika ringi, na mlipuko wa namna hiyo huzivunja.

Ndipo unapoona hatari ya yule kijana mwenye kompyuta ya mkononi anayekuahidi kuongeza shinikizo la turbo kwa nusu saa, kando ya kituo cha petroli. Akiongeza shinikizo bila kupima mchanganyiko wa hewa na petroli, na bila kukuuliza unatia petroli gani, amekuuzia kaburi la injini. Fundi wa kweli wa kazi hiyo huanza kwa kukagua kama gari ni zima. Huweka kipimo kwenye bomba la moshi, na huirekebisha kompyuta ya injini kwa petroli ile utakayotumia kila siku. Baadhi ya vituo huuza petroli yenye okteni ya juu zaidi. Ukiinunua kwa gari lililotengenezewa petroli hiyo, hujatupa pesa.

Neno dogo kuhusu vumbi. Udongo wa sehemu hizi umetokana na majivu ya volkano, na kuanzia Januari hadi mvua za Machi huruka kama unga. Zile chujio za hewa zilizo wazi, za rangi nyekundu, ambazo vijana hupenda kwa sababu ya sauti, nyingine hupitisha vumbi hilo moja kwa moja hadi kwenye mapanga ya turbo. Chujio cha karatasi ndani ya sanduku lake ni bora, na kikaguliwe mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema.

Sasa tufike kwenye breki, jambo ambalo kwangu mimi lingetangulia yote. Ukirudi nyumbani kutoka Kericho au Eldoret, utateremka kutoka Mau Summit kupitia Sachangwan hadi Salgaa. Hakuna haja ya kumweleza mtu wa Nakuru sifa za mteremko huo. Ni hapo Migaa ambapo basi na lori viligongana alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 na watu 36 wakafa, ndipo barabara ikajengewa kizuizi cha katikati. Malori hapo huteremka yakinuka breki. Nawe uko nyuma yao, au mbele yao, ukiwa na gari la nguvu za farasi 240 ambalo mafuta yake ya breki hayajabadilishwa tangu mwenye gari wa tatu.

Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani mwaka baada ya mwaka. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230. Yakishanywa maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Yakichemka hufanya viputo, na viputo hubonyea. Utakanyaga pedali ifike sakafuni, na gari liendelee na safari yake. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili. Nunua pedi za jina linaloaminika, na disiki zilizopinda zisichongwe mara ya tatu. Mlimani teremka kwa gia ndogo ili injini ibebe sehemu ya mzigo.

Tairi nazo zina umri. Tazama ubavuni, utaona tarakimu nne baada ya herufi DOT. Zikisema 2319, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba yenye meno mazuri lakini umri wa miaka kumi haifai kwa gari la namna hii, hata ukiuziwa kwa bei ya bure.

Ukiwa umemaliza hayo yote na bado unataka nguvu zaidi, sikukatazi. Ila ukibadilisha injini au rangi, hati ya usajili ibadilishwe kwa NTSA, na kampuni yako ya bima ielezwe kwa maandishi, maana siku ya ajali ndiyo siku watakayoyauliza. Kelele za bomba la moshi zina kanuni zake tangu 2009. Kasi halali kwa gari la kibinafsi haizidi kilomita 110 kwa saa, na mijini ni 50. Mwenye hamu ya kupima gari lake akapande milima ya mashindano kama KiambuRing, ambapo barabara hufungwa na kila mmoja hukimbia peke yake dhidi ya saa.

Weka daftari, uandike kila spea na kila shilingi, nalo likae sebuleni ambapo mkeo au mumeo atalisoma. Karo ya Januari huonekana vizuri sana ikiandikwa karibu na bei ya turbo.

Na kabla hujaondoka kwenda Kericho Jumapili ijayo, fanya hivi. Gari likiwa limesimama na injini ikinguruma, kanyaga breki kwa nguvu ya kawaida na uhesabu polepole hadi thelathini. Pedali ikibaki palepale, kagua kiwango cha mafuta ya breki na uendelee na ukaguzi wako. Ikizama kidogo kidogo kuelekea sakafu, zima gari umwite fundi, na siku hiyo mpande matatu.