Makovu ya moyo na dawa za mimea (2): Manjano yameonyesha njia, bado si tiba

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi moyo unavyopata kovu. Msuli wa moyo ukifa kwa kukosa damu, au ukielemewa na shinikizo la damu kwa miaka mingi, seli ziitwazo faibroblasti hutandaza nyuzi ngumu za kolajeni. Baada ya shambulio la moyo kovu hilo ni la lazima, maana bila hilo ukuta wa moyo ungeweza kupasuka. Balaa huanza pale seli hizo zisipokoma. Nyuzi husambaa katikati ya misuli iliyo hai, moyo hukakamaa na kushindwa kutanuka upokee damu ya kutosha. Mgonjwa huishiwa pumzi akipanda ngazi, hata kama vipimo vinaonyesha moyo wake unasukuma damu vizuri.

Je, mmea waweza kuzituliza seli hizo? Matumaini yapo, na yana msingi. Mwaka 2008 watafiti wa Japani, akiwemo Tatsuya Morimoto, walionyesha kwamba kurkumini, kiini kinachoyapa manjano rangi yake, huzuia kimeng'enya cha p300 ambacho huamsha jeni za kunenepesha msuli wa moyo. Panya wenye shinikizo la damu, na wale waliopatwa na shambulio la moyo, walipopewa kurkumini mioyo yao haikudhoofika kama ya wenzao. Majaribio mengine ya panya yameonyesha kolajeni ikipungua. Anayedai kwamba habari za mimea ni porojo tupu, basi, hajausoma ushahidi.

Hata hivyo, kutoka kwa panya hadi kwa mgonjwa ni safari ndefu, na kikwazo chake kikubwa ni kipimo. Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia 3 tu. Katika utafiti uliofanywa India na kuchapishwa mwaka 1998, watu walipewa gramu 2 za kurkumini, lakini katika damu yao ilionekana kidogo mno au haikuonekana kabisa. Kuzipata gramu hizo 2 jikoni kungehitaji unga wa gramu 65 hivi, na hakuna mchuzi unaoweza kubeba kiasi hicho. Wapo watakaosema dawa yake ni pilipili manga. Ni kweli kwamba watafiti haohao walipoongeza miligramu 20 za piperini iliyomo katika pilipili manga, kurkumini iliyofika kwenye damu iliongezeka kama mara 20. Lakini kidogo mno mara 20 bado ni kidogo, na piperini hiyohiyo hupandisha kiwango cha propranololi, dawa wanayomeza baadhi ya wagonjwa wa moyo.

Wengine watauliza: mbona digoksini, dawa ya moyo, ilitokana na mmea? Naam, lakini daktari William Withering, aliyechapisha kitabu chake kuhusu mmea wa jamii hiyo mwaka 1785, alikuwa ameufuatilia kwa takriban miaka 10, akirekodi waliopona na walioshindwa, kwa sababu kuzidisha kidogo tu kunaweza kuua. Mmea uligeuka tiba kwa sababu ulipimwa. Manjano nayo yanastahili heshima hiyohiyo ya kupimwa kwa binadamu. Mpaka sasa hakuna kiini cha mmea kilichothibitishwa kuondoa kovu la moyo wa mtu. Kwa hiyo, ndugu msomaji, endelea kuunga mchuzi wako kwa manjano, lakini usiache vidonge vya shinikizo la damu, na kila unga au kidonge cha mitishamba unachotumia, mwambie daktari wako.