Saa za mama na mkono wa mnunuzi: mafunzo ya ufundi kati ya Kitale na Bungoma

Mtu akiuliza ni kazi gani hasa wanayofundishwa akina mama wanaolea watoto peke yao kati ya Kitale na Bungoma, jibu liko wazi kwa kila mwenye macho sokoni: ushonaji na ususi. Makanisa hufundisha hayo, vikundi vya akina mama hufundisha hayo, vyuo vya ufundi vya kaunti vina madarasa yake, na biashara za kijamii, yaani zile zinazouza bidhaa au huduma ili faida irudi kwa wanyonge waliokusudiwa, nyingi zimeanzia hapo hapo. Neema Project ya Kitale, kwa mfano, inajulikana kwa kuwafundisha ushonaji wasichana waliotoka katika ufukara. Kazi hiyo ina heshima yake. Tatizo ni kwamba sekta nzima imezoea kujipima kwa idadi ya waliohitimu na vyerehani vilivyogawiwa siku ya mahafali, na kipimo hicho kinafunika maswali mawili yanayoamua kama mama atakuwa na kipato baada ya miaka miwili: nani anamtunza mtoto mama akiwa darasani na kazini, na nani atanunua anachokitengeneza? Naona fedha za mafunzo zigharamie kwanza mambo hayo mawili. Cherehani inaweza kusubiri.

Tuanze na saa. Watafiti walipowapa akina mama wa Korogocho, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, vocha za kulipia malezi ya mchana ya watoto wao, uwezekano wao wa kuwa na kazi ulipanda kwa pointi 8.5 za asilimia ukilinganishwa na wa wenzao wasiopewa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2019, na sehemu yake muhimu zaidi kwetu haitajwi mara nyingi. Walioingia kazini kwa wingi walikuwa wenye waume. Wasio na waume walikuwa kazini tayari, kwa kuwa hawakuwa na wa kumtegemea. Wao vocha iliwasaidia kuhama kutoka vibarua vya saa zisizotabirika kwenda kazi zenye saa maalumu, wakapunguza muda wa kufanya kazi bila kipato kushuka. Basi dhana kwamba mama huyu amekaa tu akingoja kufundishwa ni potofu. Anafua nguo za watu, anauza mboga, anapalilia mashamba ya wengine. Kila saa anayokaa darasani ameitoa kwenye chakula cha jioni. Chuo kinachotangaza kwamba mafunzo yake ni ya bure kimesahau gharama hiyo, kisha kinashangaa wanafunzi wakipotea wiki ya sita.

Na hapa kwetu kupotea huko kuna majira yake. Trans Nzoia na Bungoma ni nchi ya mahindi. Mvua za Machi na Aprili huleta upanzi, Mei na Juni huwa palizi, na mavuno huanza Oktoba. Kwa mama asiye na shamba, palizi na mavuno ndiyo misimu ya kupata pesa ya kibarua. Muhula unaofunguliwa Mei unamlazimisha achague kati ya somo na unga, naye atachagua unga, na atakuwa amechagua sawasawa. Darasa la nusu siku linaloepuka misimu hiyo, lenye posho ndogo na chumba cha watoto mlango wa pili, lina nafasi kubwa ya kumaliza na wanafunzi lilioanza nao. Jambo hili wala si ndoto ya wafadhili. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, linapozipa kaunti majukumu, linataja elimu ya awali, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya sayansi kimu na vituo vya kulea watoto katika kifungu kimoja. Waliokiandika waliviweka pamoja. Ni sisi tuliojenga chuo upande mmoja na kukisahau kituo cha watoto.

Swali la mnunuzi ni gumu zaidi, na hapa ndipo nia njema nyingi huzama. Fundi wa nguo au msusi huishi kwa mishahara ya watu wengine. Webuye, mji wa Bungoma ulio jirani na wadi ya Matulo, ulijua hilo vizuri enzi za kiwanda cha karatasi cha Panpaper, mshahara wa kiwanda ulipokuwa ukizunguka mpaka kwa muuza chai. Kiwanda kilisimama mwaka 2009, na hata baada ya Rai Group kukinunua mwaka 2016, uchumi wa mshahara haukurudi ulivyokuwa. Kiwanda cha Nzoia Sugar, mwajiri mwingine mkubwa wa Bungoma, kilisumbuka miaka mingi kwa madeni ya wakulima na wafanyakazi hadi Serikali ikakikodisha kwa West Kenya Sugar mwaka 2025. Katika eneo la namna hii, kuongeza washonaji kila mwaka bila kuongeza wateja ni kugawanya mkate ule ule vipande vidogo zaidi. Mitumba nayo ipo, na gauni la mtumba humshinda fundi kwa bei kabla hajakata kitambaa. Kinachombakia ni sare za shule, vitenge vya harusi na marekebisho: soko la kweli, lakini dogo na la msimu.

Biashara za kijamii zilizodumu zilianza upande wa pili. Kazuri ya Nairobi ilianza mwaka 1975 pale Susan Wood alipowaajiri wanawake wawili kutengeneza shanga za udongo katika karakana ndogo. Walipozidi kuja wengine, wengi wao wakilea watoto peke yao, karakana ilikuwa tayari na bidhaa ya kuuza, na leo kiwanda kinaajiri mamia. Mafunzo yalifuata bidhaa. Hata Bungoma yenyewe ina mfano wake, ingawa ni wa sekta nyingine: One Acre Fund ilianza huko mwaka 2006 na familia takriban 40 za wakulima, ikiwakopesha mbegu na mbolea pamoja na mafunzo, nao wakilipa. Ilikua kwa sababu iliuza kitu ambacho mkulima alikihitaji msimu ule ule. Anayetaka kuwafundisha akina mama wa Matulo angeanza kwa kuuliza shule, hospitali na maduka yanalipia nini sasa hivi, na kinatoka wapi. Pengine jibu litakuwa sare. Pengine litakuwa ufundi wa umeme wa jua, kutengeneza pikipiki za bodaboda au kuchomelea milango ya chuma, kazi ambazo wateja wake wapo kila siku.

Hizo za mwisho huitwa kazi za wanaume, na wapo watakaosema mama wa watoto watatu hatazitaka. Ushahidi wa jirani unasema asiamuliwe. Katika mradi wa vocha za mafunzo ya ufundi uliofanyika Busia, wasichana walioonyeshwa tofauti ya kipato kati ya fani walielekea zaidi kuchagua zile zenye wanaume wengi, na baadhi wakajiandikisha. Hawakuwa wamezikataa; hawakuwa wameambiwa zinalipa. Ni kweli kwamba kero za kijinsia karakanani zipo na haziondolewi na takwimu, na ndiyo sababu kuwafundisha wanawake kumi pamoja, chini ya mwalimu mwanamke inapowezekana, kuna maana kuliko kumpeleka mmoja peke yake kwenye gereji ya wanaume.

Jambo la tatu hugharimu kidogo lakini huachwa mara nyingi: cheti. Nchini Uganda, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020 uliwalinganisha vijana maskini waliofundishwa katika vyuo na kupewa cheti na wenzao waliofundishwa ndani ya biashara kwa ruzuku. Mwanzoni wote walinufaika. Miaka ilivyosonga, wenye cheti waliendelea kupanda, kwa kuwa walipopoteza kazi moja waliweza kumthibitishia mwajiri mwingine ujuzi wao. Wale wa kwenye biashara walirudi nyuma walipoachana na aliyewafundisha. Hili linazihusu moja kwa moja biashara za kijamii zinazofundisha na kuajiri chini ya paa moja. Karakana ikifungwa, mama anabaki na ujuzi usioonekana. Mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, kuanzia gredi ya tatu, uwe sehemu ya bajeti ya kila mwanafunzi tangu siku ya kwanza, hata kama kufanya hivyo kutamrahisishia kuhamia kwa mshindani.

Wapo wachumi watakaouliza kwa nini mzunguko huu wote: mpe mama fedha mkononi, naye anajua shida zake. Hoja hiyo ina uzito, na heshima iliyomo inanivutia. Lakini Nairobi jambo hilo lilijaribiwa kwa wasichana wa miaka 18 na 19 wa mitaa ya kipato cha chini, wengine wakipewa mafunzo na vifaa vya kuanzisha biashara ndogo, wengine fedha taslimu. Makundi yote mawili yalipata zaidi mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili nafuu ilikuwa imeyeyuka kwa wote. Somo ninalolipata hapo linaumiza pande zote mbili: fedha bila mnunuzi huisha, na mafunzo bila mnunuzi huisha vile vile.

Pingamizi lingine husemwa kwa sauti ya chini kanisani na barazani, kwamba kuwasaidia akina mama hawa ni kuwatuza wasichana kwa kuzaa mapema. Takwimu za afya za mwaka 2022 zilionyesha asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikwisha kupata mimba, na Pokot Magharibi, kaunti inayopakana na Trans Nzoia, ilikuwa asilimia 36. Kama msaada ungekuwa chambo, tungeona mimba zikiongezeka palipo na programu. Klabu za wasichana za shirika la BRAC nchini Uganda, zilizochanganya ufundi na elimu ya maisha, zilileta kinyume: baada ya miaka minne uzazi wa mapema ulikuwa umepungua kwa takriban theluthi. Msichana mwenye njia ya kujipatia kipato ana sababu ya kusubiri. Na kituo cha watoto hakihitaji kuuliza kama mama ameolewa; Korogocho ilionyesha wote wanafaidika, kila mmoja kwa namna yake.

Nani alipe? Baada ya USAID, shirika la misaada la Marekani, kufungwa mwaka 2025, jibu la zamani la wafadhili limepungua nguvu, na pengine ni vizuri swali hilo tulijibu sisi wenyewe. Biashara ya kijamii iwe na madaftari mawili. La uzalishaji lazima lijitegemee: bei ya sare igharamie kitambaa, mshahara na kodi ya nyumba. La mafunzo, yaani malezi ya watoto, posho na mtihani, ni huduma ya umma, na kulidai lilipwe na faida ya sare ni kuua yote mawili. Kaunti inaweza pia kuwa mteja, kwa kuwa asilimia 30 ya zabuni za umma imetengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ila kaunti inayochelewesha malipo kwa miezi itakiangusha kikundi kidogo haraka kuliko mshindani yeyote, hivyo oda za shule na hospitali za mishonari zitangulie. Makadirio ya bajeti hufika katika mabunge ya kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla ya kupitishwa wananchi huitwa kutoa maoni. Huko Bungoma na Trans Nzoia, swali la kupeleka kwenye vikao hivyo ni moja: kila chuo cha ufundi cha kaunti kimetengewa shilingi ngapi za chumba cha watoto, na mlezi wa kukiendesha atalipwa kutoka fungu gani?