Tabo Haikujiua

Tabo ya kwanza ikifa, mwenye gari huambiwa ni uzee. Ya pili ikifa baada ya miezi michache, huambiwa alinunua spea ya bandia. Ya tatu ikifuata, gari huuzwa kwa hasara, na anayelinunua huanza upya safari ileile. Katika gereji za Ufaransa na Uingereza mkasa huu umejirudia kiasi kwamba mafundi wazoefu wanaujua hatua kwa hatua. Hata hivyo, tabo mpya zinaendelea kufungwa juu ya oili chafu, na watu wanaendelea kulipa.

Injini inayotajwa zaidi ni dizeli ya lita 1.6 ya kundi la Peugeot na Citroën, iliyouzwa kwa jina la HDi na ambayo mafundi huiita DV6. Iliundwa kwa ushirikiano na Ford mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ilifungwa kwenye Peugeot 307 na Partner, Citroën C4 na Berlingo, kisha Ford Focus, Mazda 3, Volvo V50 na hata Mini. Ni injini nyepesi, ina nguvu ya kutosha kwa gari la familia, na haili mafuta. Ugonjwa wake mkubwa huanzia kwenye kipande cha shaba kinachoenea juu ya ukucha wa dole gumba.

Kila silinda ina nozeli yake, na chini ya kila nozeli hukaa washa ya shaba. Kazi yake ni kuziba nafasi kati ya nozeli na silinda hedi ili mgandamizo na moto wa ndani usipate upenyo. Washa ikichoka, au ikiwa imekalishwa juu ya uchafu, gesi ya moto hupenya kila mara pistoni inapopanda. Mwanzoni dereva husikia mlio wa chuf-chuf asubuhi injini ikiwa baridi, na harufu ya moshi huingia ndani akifungulia hita. Akipuuza, siku atakapoinua kifuniko cha plastiki juu ya injini atakuta kitu cheusi kimeganda kuzunguka nozeli, kigumu kiasi cha kuhitaji kubanduliwa kwa patasi.

Hiyo ni nusu inayoonekana. Nusu nyingine ya masizi hushuka kwenye oili. Oili hunenepa, huungua, huacha mgando ndani ya sampu, yaani karai la oili chini ya injini, na kwenye njia zake nyembamba. Pampu inaivuta kupitia chujio lililo chini kabisa, na chujio hilo huziba kidogo kidogo kama kifumbu cha tui kilichojaa machicha. Kinachopita huenda hadi kwenye bomba jembamba linalolisha tabo. Katika matoleo ya awali, ndani ya bolti ya bomba hilo mliwekwa kichujio kidogo cha waya kwa nia njema ya kuilinda tabo. Hicho nacho huziba, na mlinzi huwa ndiye anayemnyima mlindwa chakula.

Tabo ni magurudumu mawili ya mapanga kwenye mhimili mmoja. Moja huzungushwa na moshi wa ekzosi, jingine husukuma hewa kwenda kwenye silinda. Mhimili huo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 200,000 kwa dakika, na katika injini hizi haushikwi na gololi. Unaelea juu ya utando wa oili usioonekana kwa macho. Oili hiyo ndiyo inayoubeba na ndiyo inayoupoza. Ikikatika hata kwa muda mfupi, chuma hugusana na chuma kwa kasi ile, nafasi hupanuka, mapanga huanza kukwaruza ukuta wa nyumba yake. Dereva husikia mlio mwembamba kama wa king'ora, gari hupoteza nguvu kwenye mlima, moshi wa bluu hutoka nyuma.

Hapo ndipo gari hupelekwa kupimwa kwa mashine, na hapo ndipo makosa mengi hufanyika. Mashine huandika P0299, yaani hewa inayosukumwa na tabo ni pungufu. Fundi mwenye haraka husoma herufi hizo kama hukumu ya kifo cha tabo. Sivyo. Kompyuta ya gari haijui kilichoharibika. Inajua tu kwamba sensa ya shinikizo la hewa imetoa kipimo kisicholingana na kilichotarajiwa. Kipimo hichohicho hutokea bomba la mpira la hewa likichanika, intakula, yaani kipoza hewa, ikitoboka, au kijipira cha kuendesha vali ya tabo kikichomoka. Fundi ninayemwamini huanza na kitambaa na tochi. Hupapasa mabomba ya hewa akitafuta alama ya oili mbichi kwenye maungio, maana hewa inapovujia ndipo ukungu wa oili huacha doa. Kisha huchomoa bomba la kuingizia hewa na kuutikisa mhimili wa tabo kwa vidole. Mchezo kidogo wa kushoto na kulia si kitu, kwa kuwa utando wa oili unahitaji nafasi. Ukisogea mbele na nyuma, au ukigusa ukuta, tabo imekwisha.

Ikiwa imekwisha, kazi ya kweli ndiyo inaanza, na ni kazi ambayo wengi huiruka kwa sababu ni chafu na mteja haioni. Nozeli zote nne zitolewe, mahali zinapokaa pasafishwe hadi chuma king'ae, na washa mpya zifungwe. Washa ya zamani isirudishwe hata ikionekana nzima, kwa kuwa shaba iliyokwisha kubanwa haikai tena. Sampu ishushwe, chujio la pampu lisafishwe au libadilishwe. Bomba la oili la tabo liwe jipya pamoja na bolti zake. Intakula imwagwe oili yote iliyomezwa na tabo iliyokufa. Kabla ya kumaliza kufunga, bomba la kurudishia oili liachwe wazi, injini iwashwe, na oili inayotoka kwenye tabo ikingwe kwenye chupa na kulinganishwa na kipimo cha mtengenezaji. Chupa ile ndiyo ushahidi. Mteja ana haki ya kuiona. Oili ya kwanza nayo imwagwe baada ya kilomita chache, kwa sababu itakuwa imebeba mgando uliong'oka.

Niseme pia jambo la hatari. Tabo iliyovunjika inaweza kumwaga oili kwenye njia ya hewa, na dizeli huweza kuiunguza oili hiyo badala ya mafuta. Injini hupanda mzunguko yenyewe, moshi mweupe hufunika barabara, na kuzima ufunguo hakusaidii chochote kwa sababu injini haitegemei tena mafuta ya kwenye tangi. Kwa gari la gia za mkono, simamisha gari, kanyaga breki kwa nguvu zote, weka gia ya juu kabisa na uachie klachi injini ife. Ukishindwa, wote mshuke na mkae mbali.

Wasomaji wenye umri katika Afrika Mashariki wanaijua Pijo ya namna nyingine. Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Ove Andersson akayashinda mashindano hayo mwaka 1975 kwa 504, gari ambalo pia liliunganishwa Kenya na kubeba abiria wa masafa marefu kwa miongo. Wazee wakisema kwamba Pijo halifi, wanasema kweli kuhusu injini zile za petroli. Hazikuwa na tabo. Njia zake za oili zilikuwa pana na zilisamehe sevisi iliyochelewa. Hizi za sasa hazisamehe, na mtu aliyerithi imani ya 504 bila kubadili tabia za sevisi ndiye anayeumia zaidi.

Kisa cha pili ni cha petroli, na kinanigusa zaidi kwa sababu kilianzia kwenye meza ya wahandisi. Mwaka 2012 Peugeot 208 ilikuja na injini iliyokuja kuitwa PureTech, silinda tatu, lita 1.2. Toleo lake la tabo lilishinda tuzo ya kimataifa ya injini bora katika kundi lake miaka minne mfululizo, kuanzia 2015 hadi 2018. Ili kupunguza msuguano na kelele, mkanda wa taimingi haukuwekwa pembeni pakavu kama ilivyozoeleka. Uliwekwa ndani, unaoga kwenye oili.

Kwenye karatasi ni wazo zuri. Barabarani, gari la familia hupeleka watoto shule, husimama, huenda sokoni, hurudi. Injini haipati moto wa kutosha. Petroli ambayo haijaungua hutelemka kwenye kuta za silinda, hupita ringi za pistoni na kuchanganyika na oili. Mpira wa mkanda ulitengenezwa kuvumilia oili, si oili yenye petroli. Unavimba, unapasuka, unamomonyoka. Vipande vyake vinafuata njia tuliyokwisha kuiona: sampu, chujio, pampu. Taa ya oili huwaka. Baya zaidi, pampu inayovuta hewa kwa ajili ya busta ya breki hutegemea oili hiyohiyo. Njia yake ikiziba, kanyagio la breki huwa gumu kama jiwe. Kwa sababu hiyo magari mengi yaliitwa kurudi kwa watengenezaji.

Kupima mkanda huu hakuhitaji kufungua injini. Fungua kifuniko cha kujazia oili, mulika tochi, na mkanda utauona ukipita chini yake. Mafundi wana kipimo maalumu cha upana: kikivaa juu ya mkanda bila kukwama, mkanda haujavimba. Kikikwama, ubadilishwe, hata kama kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu hazijafika. Ukiona nyufa au meno yaliyochakaa, usisubiri kipimo. Kama ilivyo kwa tabo, mkanda mpya bila kushusha sampu na kusafisha chujio ni kazi nusu. Mwezi Machi 2024 Stellantis, kampuni mama ya Peugeot na Citroën, iliongeza dhamana ya tatizo hili hadi miaka 10 au kilomita 175,000, kwa sharti la sevisi zilizofanywa kwa wakati na zenye ushahidi. Risiti za oili ziwekwe pamoja na kadi ya gari. Katika toleo jipya lililotengenezwa kwa magari mseto, wahandisi walirudi kwenye cheni.

Renault nayo ina yake. Dizeli ya lita 1.5, dCi, iliyofungwa kwenye Mégane na Scénic nyingi za miaka ya 2000, iliruhusiwa kwenda hadi kilomita 30,000 bila kumwaga oili. Beringi za konrodi hazikukubaliana na ruhusa hiyo, na injini nyingi zilinoki. Mwenye injini hii ambayo haijanoki anaweza kubadilishiwa beringi hizo kwa kushusha sampu tu, injini ikiwa palepale. Nami ningemwaga oili kila kilomita 10,000, kitabu kiseme kisemavyo.

Ukienda kununua moja ya magari haya likiwa limetumika, nenda asubuhi. Shika boneti kwanza, iwe baridi. Simama nyuma utazame magurudumu: kwenye Peugeot 206 na Partner za zamani, yakiwa yameegemea ndani kwa juu, maji yameingia kwenye beringi za ekseli na kuosha grisi, na gharama yake si ndogo. Kisha kifuniko cha plastiki kitolewe, uone kama nozeli ni safi, na ndipo injini iwashwe ukiwa umeinama karibu, unasikiliza. Mlio wa washa iliyochoka husikika katika dakika za mwanzo, kisha chuma hupanuka na kuuficha. Ukikuta muuzaji amekwisha kuipasha moto kabla hujafika, mwambie utarudi kesho, naye asiiwashe.