Uwanja wa bure wa Diani hufunguliwa na mwezi

MWANAFUNZI anayesomea Kwale hahitaji kulipia ukumbi wa mazoezi ili autunze mwili wake. Chini ya milima ya Shimba, safari ya matatu kupitia Kombani hadi Ukunda, upo uwanja wa mchanga ulionyooka kutoka Diani hadi Galu na kuendelea Kinondo, nao hauna kiingilio. Hata hivyo, wengi huufikia wakaukuta umefungwa, ama na maji ama na lango la mtu.

Kisheria uwanja huo ni mali ya umma. Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinaitaja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Mwenye hoteli anaweza kumiliki minazi na bwawa lake la kuogelea, lakini mchanga unaofunikwa na kufunuliwa na bahari si wake.

Taabu ni kwamba ardhi hiyo huzama mara mbili kila siku.

Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huyavuta maji kwa pamoja na kuleta bamvua. Tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kupita mita tatu. Katika pwani ya Kenya, siku hizo bahari hujaa yapata saa kumi au kumi na moja alfajiri, na tena majira kama hayo alasiri. Hukupwa saa nne au saa tano asubuhi. Basi anayetoka darasani saa kumi jioni na mpira mkononi huenda akakuta mawimbi yakipiga kuta za mahoteli, na uwanja haupo.

Baada ya juma moja mambo hugeuka. Huwa ni maji mafu, na kupwa huangukia alasiri, ingawa bahari haiendi mbali. Kati ya vipindi hivyo viwili, saa za kupwa na kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku.

Si lazima mtu anunue jedwali la maji ili ayajue haya. Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa dukani inatosha, kwa kuwa inaufuata mwezi. Siku za mwanzo wa mwezi na zile za tarehe 14 hadi 17 ni za bamvua. Karibu na tarehe 8 na 22 ni maji mafu.

Anayeujua mpango huo hupata mengi. Mchanga uliolowa, maji yakishatoka, ni mgumu kiasi cha kukimbilia bila viatu. Ule mkavu wa juu huzama chini ya mguu na kuitesa misuli maradufu. Ufuo una mteremko, hivyo mkimbiaji aende na kurudi masafa yaleyale, asije akauelemea mguu mmoja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Jioni tatu za kandanda ya ufuoni zinatosha kuzikamilisha.

Voliboli nayo inafaa mahali hapa. Gaudencia Makokha na Brackcides Khadambi walipocheza Tokyo mwaka 2021, ilikuwa mara ya kwanza kwa Kenya kushiriki voliboli ya ufuoni katika Olimpiki. Kwa nchi yenye mchanga kama wa Diani, huko ni kuchelewa sana.

Kuogelea kunataka tahadhari zaidi, kwani kuzaliwa pwani si kujua kuogelea. Miamba ya matumbawe huyavunja mawimbi makubwa mbali na ufuo na kuacha maji matulivu ndani yake. Anayejifunza achague saa ambazo maji yanajaa na yanamfika kiunoni, akiwa na mwenzake anayejua. Ajiepushe na milango, yaani nafasi zilizo wazi katika mwamba, hasa maji yanapotoka, kwa sababu mkondo huelekea huko kwa nguvu. Akikokotwa asishindane nao. Aogelee sambamba na ufuo mpaka autoke, ndipo ageukie nchi kavu.

Wanaotembea hadi kwenye mwamba wakati wa bamvua hudanganywa na mwendo wa maji. Saa ya kwanza baada ya kupwa bahari hupanda polepole mno, mtu akadhani ana nafasi. Kumbe katika saa ya tatu na ya nne ndipo karibu nusu ya maji yote huingia. Afadhali kuanza kurudi kabla maji hayajageuka, tena kwa viatu, kwa maana humo mna viumbe wenye miiba.

Mchezo wa kuteleza majini kwa kuvutwa na tiara, unaotegemea pepo za kusi na kaskazi, umeshamiri Galu. Vifaa na mafunzo yake ni ghali, na kwa wanafunzi wengi unabaki kuwa wa kutazamwa.

Bahari ikiwa haifai, kuna mlima. Hifadhi ya Kitaifa ya Milima ya Shimba, iliyotangazwa mwaka 1968, iko karibu na mji wa Kwale. Ndiyo makao ya palahala, swala asiyepatikana porini kwingine nchini Kenya. Matembezi ya kushuka hadi maporomoko ya Sheldrick, yenye urefu wa zaidi ya mita 20, hufanywa pamoja na askari wa wanyamapori kwa kuwa msitu una ndovu. Kupanda kurudi ndiko kunakopima pumzi. Huku kiingilio kipo.

Linabaki suala la lango. Katiba imeuweka mchanga mikononi mwa umma, lakini kuufikia kunategemea vijia vinavyopita baina ya viwanja vya watu binafsi, na malalamiko kuhusu vijia vilivyozibwa Diani ni ya miaka mingi. Kifungu hichohicho cha 62 kinakataza ardhi ya umma kugawiwa au kutumiwa vinginevyo ila kwa mujibu wa Sheria ya Bunge. Kwa hivyo timu inayozuiliwa mlangoni haina haja ya kugombana na bawabu. Ramani ya upimaji ndiyo itakayoonyesha iwapo kijia hicho ni cha umma au la, na mahali pa kuiulizia ni ofisi ya ardhi.