Badilisha Nguo, Usibadilishe Uso: Elimu ya Majira Manne ya Rangi



Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Methali hiyo inaifaa sana elimu ninayotaka kuieleza hapa, yaani elimu ya majira manne ya rangi. Wenye elimu hii hudai kuwa kila binadamu ana kundi lake la rangi linalompendeza, na makundi hayo wameyapa majina ya majira ya mwaka. Elimu yenyewe si mbaya, ila ilikatwa kwa kipimo cha watu wengine. Tukiivaa vivi hivi itatupwaya hapa na kutubana pale. Hatuna budi kuishona upya.

Huenda ukauliza, "Mwanafunzi na rangi za nguo, wapi na wapi?" Ni kweli, siku za juma sote tu sare moja. Lakini ngoja shule ikaribie kufungwa, watu waanze kutoa nguo za nyumbani sandukuni. Hapo ndipo utasikia bwenini, "Ala! Wewe na weusi huo utavaa njano?" Mwingine naye hudakia, "Mwacheni fulani, yeye ni mweupe, kila kitu humkaa." Maneno hayo husemwa kwa mzaha, na anayeambiwa hucheka pamoja na wenzake. Lakini nguo ile huirudisha sandukuni asiivae tena. Wengine, Mungu aepushie mbali, huanza kuulizia mafuta ya kujichubua. Kumbe kosa halikuwa la ngozi hata kidogo!

ILIKOTOKA ELIMU HII

Twende kwanza Ufaransa. Mwaka 1824, mkemia aitwaye Michel-Eugène Chevreul aliteuliwa kuwa mkuu wa kazi ya kutia nyuzi rangi katika karakana ya Gobelins mjini Paris, ambako yalifumwa mazulia ya kutundikwa ukutani. Hapo alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa hafifu. Eti zikifumwa kando ya buluu au zambarau, hazionekani nyeusi sawasawa. Chevreul akaichunguza ile rangi nyeusi, akaikuta haina ila yoyote. Ila ilikuwa katika ujirani. Jicho likitazama rangi mbili zilizokaribiana, kila moja huibadilisha mwenzake machoni petu. Mambo haya aliyaandika katika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 1839.

Hili ndilo jiwe la msingi la yote yatakayofuata. Rangi haionekani peke yake. Huonekana pamoja na jirani yake. Na jirani wa karibu kabisa wa uso wako ni shati, blauzi, leso au kitambaa unachojitanda.

Tena kuna jambo la pili, nalo ni mwanga. Nguo hupokea mwanga na kuurudisha sehemu yake. Kitambaa chekundu kikiwa chini ya kidevu chako, huurusha wekundu kidogo juu ya taya na shingo. Ukitaka kuamini, shika karatasi nyeupe chini ya kidevu cha mwenzako mkiwa karibu na dirisha, kisha uiondoe. Utaona uso ukipata nuru na kuipoteza.

Baada ya Chevreul alikuja Johannes Itten (1888–1967), mchoraji na mwalimu kutoka Uswisi, aliyefundisha katika shule mashuhuri ya sanaa ya Bauhaus huko Ujerumani kati ya 1919 na 1923. Katika kufundisha kwake, Itten aligundua kwamba wanafunzi wakiachiwa uhuru, kila mmoja huangukia rangi zake, na mara nyingi rangi hizo huwa na uhusiano na nywele, macho na ngozi ya mwenyewe. Katika kitabu chake cha mwaka 1961 alizipanga pia rangi kwa kufuata majira manne. Washauri wa mavazi huko Marekani wakaifanya habari hii kuwa kazi yao, na mwaka 1980 Carole Jackson akatoa kitabu kiitwacho Color Me Beautiful, kikauzwa kwa mamilioni. Tangu hapo, watu wengi ng'ambo wamekuwa wakiulizana, "Wewe ni wa majira gani?"

MAJIRA YENYEWE

Kabla ya kuyataja, tuelewane kuhusu maneno mawili. Rangi ya "joto" ni ile yenye umanjano ndani yake, kama moto. Rangi ya "baridi" ni ile yenye ubuluu ndani yake, kama maji mengi. Hata nyekundu ina joto na baridi: nyekundu ya nyanya ina joto, ilhali nyekundu inayokaribia zambarau ina baridi.

Basi makundi ni haya:

Machipuko, wakati miti ya Ulaya inapochipua: rangi za joto tena angavu, kama kijani cha jani changa na manjano ya kiini cha yai.

Kiangazi: rangi za baridi tena pole, kama samawati iliyofifia, waridi hafifu na kijivu.

Mapukutiko, majani yanapokauka na kuanguka: rangi za joto zilizotulia, kama kahawia, rangi ya kutu na kijani cha zeituni.

Baridi, wakati wa theluji: rangi za baridi tena kali, kama nyeusi tititi, nyeupe pepepe na buluu iliyokolea.

Msomaji mwerevu ameshaona tatizo la kwanza. Majira haya si yetu. Sisi tuna masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Mwezi wa Oktoba, wakati majani ya Ulaya yanapukutika, huku kwetu wakulima wanatazama mawingu wakingojea vuli. Kwa hivyo majina haya tuyachukue kama vibandiko vya makasha tu, asije mtu akadhani anapaswa kuvaa kijivu kwa kuwa ni Agosti.

TULIVYOTIWA KAPU MOJA

Tatizo la pili ni zito zaidi. Katika kitabu kile cha 1980, watu weusi walio wengi, pamoja na watu wengi wa Asia, waliwekwa katika kasha moja la Baridi. Sababu ilikuwa kwamba nywele zetu ni nyeusi na macho yetu ni meusi. Watu wa Ulaya wakagawanywa kwa uangalifu katika makasha yote manne, sisi tukasombwa pamoja kama viazi guniani.

Sasa, jamani, hebu tazama darasa lako leo asubuhi. Je, wote ni rangi moja? Kiswahili chetu kiliona tofauti hizi zamani. Mtu mweusi tititi si sawa na mtu wa maji ya kunde. Na aliyewahi kuchemsha kunde anajua kwamba maji yake ni ya kahawia yenye wekundu kwa ndani. Wekundu huo wa ndani ndio wataalamu wanaoutafuta wanaposema kuna rangi ya chini ya ngozi.

Walimu wetu wa Biolojia watanisaidia hapa. Ngozi hupata rangi yake kutokana na melanini. Kuna eumelanini, ambayo ni kahawia hadi nyeusi, na kuna feomelanini, ambayo huelekea njano na nyekundu. Damu ipitayo chini ya ngozi nayo huchangia. Mchanganyiko huu hautoshani kwa watu wote. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kulingana kwa weusi, lakini mmoja akawa na wekundu kwa ndani na mwingine akaelekea ubuluu. Baadaye hata wataalamu wenyewe waliona makasha manne hayatoshi, wakagawa kila msimu mara tatu, yakawa 12.

MASWALI MATATU

Badala ya kuhangaika na makasha, afadhali tujiulize maswali matatu. Msingi wake uliwekwa na Albert Munsell, mchoraji na mwalimu wa Marekani, aliyeonyesha katika kitabu cha mwaka 1905 kwamba kila rangi hupimwa kwa mambo matatu: ni ya aina gani, imekolea au imefifia kiasi gani kati ya nyeusi na nyeupe, na ni kali au imepoa kiasi gani. Sisi tuyageuze hivi:

Je, ngozi yangu yapatana zaidi na joto au baridi?
Je, yapatana na rangi zilizoiva au zile nyepesi?
Je, yapatana na rangi kali au zilizopoa?

Hapa lugha yetu itatusaidia, kwa sababu rangi nyingi za Kiswahili zimetajwa kwa vitu tunavyovijua. Manjano ni ile binzari ya jikoni. Kahawia yatokana na kahawa, kijivu na jivu, zambarau na tunda lake, kijani na jani. Basi usiseme tu, "Nyekundu hainifai." Sema ni nyekundu gani. Ya nyanya? Ya damu ya mzee? Aliyekataliwa na moja huenda akapendwa na nyingine. Vivyo hivyo yule aliyeambiwa asivae njano: njano ya ndimu changa na njano ya binzari ni vitu viwili mbalimbali.

JARIBIO LA BWENINI

Jaribio hili halihitaji hata senti moja. Tafuta shuka nyeupe pepepe, kipande cha kitambaa cha amerikani ambacho hakijapaushwa, na leso au nguo nyingine za rangi mbalimbali. Kisha fanya hivi:

1. Nawa uso, usijipake poda wala rangi ya mdomo. Mafuta yako ya kawaida yaruhusiwa.

2. Keti mchana ukielekea dirishani, mahali penye mwanga lakini jua lisikupige usoni. Taa za umeme hazifai, kwani zina rangi zake.

3. Funika sare yako kwa kitambaa chochote cheupe, maana sweta nayo ni jirani wa uso.

4. Mwenzako aweke shuka nyeupe chini ya kidevu chako, aiondoe, kisha aweke amerikani. Arudie mara kadhaa. Nyeupe ya shuka ina baridi. Amerikani ina joto kidogo. Jibu la swali la kwanza litaanzia hapo.

5. Endelea na jozi nyingine: nyekundu ya nyanya na nyekundu ya zambarau, kijani kilichoiva na kijani chepesi, buluu kali na buluu iliyofifia.

Siri ni hii: mtazamaji asitazame kitambaa, atazame uso. Rangi isiyokufaa huifanya ngozi ionekane imepauka, kana kwamba umesahau kujipaka mafuta. Vivuli chini ya macho huzidi, na chunusi hujitokeza kusalimia watu. Rangi ikufaayo huituliza ngozi na kuyang'arisha macho. Jiulize pia, ni kipi kimeonekana kwanza, uso au nguo? Nguo ikitangulia, imekumeza. Afadhali watazamaji wawe watatu, na wasiwe wale wenye mzaha.

Vitabu vya ng'ambo hushauri mtu atazame mishipa ya kifundo cha mkono kama ni ya buluu au ya kijani. Kwa wengi wetu mishipa haionekani vizuri, kwa hivyo ushauri huo tuupishe. Leso haidanganyi kama mishipa.

Wengi waliozoea kuambiwa wajifiche katika rangi za kufifia watashangaa. Ngozi nyeusi iliyokolea aghalabu huweza kubeba rangi kali bila kumezwa nayo. Wazee wetu wa pwani walilijua hilo kabla ya 1980. Tazama leso ya kisutu, ambayo bibi arusi hupewa: nyekundu, nyeusi na nyeupe, zimewekwa bega kwa bega bila woga.

SOKONI NA NYUMBANI

Ukishajua rangi zako mbili au tatu, utaokoa pesa za mzazi. Uendapo kununua mitumba, iwe Gikomba, Kongowea au Kibuye, usichague rangi chini ya turubai la buluu. Turubai hilo hulipaka kila shati ubuluu. Mwombe mwenye mali, "Mama, naomba niitazame nje kidogo," uisogeze karibu na uso penye mwanga wa mchana. Na kama sketi au suruali uliyopewa si ya rangi yako, usiitupe. Iko mbali na uso, haina neno. Shughulika na kilicho shingoni.

Hata hivyo, elimu hii si amri. Ikiwa unapenda rangi fulani kwa moyo wako wote, ivae. Sare nayo ni sare. Rangi yake haikuchaguliwa kwa ajili ya uso wa mtu mmoja.

Namalizia na wale wanaonong'onezana habari za mafuta ya kujichubua. Baadhi ya mafuta na sabuni hizo zina zebaki, na zebaki hudhuru figo. Mengine yana haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa ovyo kwa muda mrefu huweza kuacha madoa meusi yasiyotoka. Yote hayo kwa sababu ya shati lisilopatana na uso! Chevreul hakuitupa rangi yake nyeusi alipolalamikiwa. Aliwaonyesha watu kwamba haikuwa na ila, akawaambia watazame kilichowekwa kando yake. Nasi tufanye hivyo. Siku nyingine mwenzako akitoa nguo ya njano sandukuni, usimcheke. Mpeleke dirishani, umshikie na ile nyingine, mlinganishe. Mwenye macho haambiwi tazama.