Jina Moja, Viumbe Wengi: Uainishaji wa Vipepeo wa Familia ya Nymphalidae katika Misitu ya Kisangani

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha kila siku, mdudu mwenye mabawa mapana ya rangi arukaye mchana huitwa kipepeo, na jamaa yake arukaye usiku huitwa nondo. Mgawanyo huu unawatosha wazungumzaji walio wengi. Hata hivyo, mtu akiingia katika msitu unaouzunguka mji wa Kisangani akiwa na neno hilo moja tu, hataweza kueleza kile anachokiona. Misitu ya bonde la Kongo ni miongoni mwa makao makubwa ya vipepeo barani Afrika, bara ambalo kusini mwa Sahara lina zaidi ya spishi 4,000 za wadudu hao.

Kisangani, ambayo iliitwa Stanleyville hadi mwaka 1966, imejengwa kando ya Mto Kongo, karibu na maporomoko ya Boyoma na Mto Tshopo, ulioupa jina mkoa ulioundwa mwaka 2015. Kiswahili kilifika huko katika karne ya 19 pamoja na misafara ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 aliteuliwa kuwa gavana wa Stanley Falls. Leo Kiswahili na Kilingala husikika pamoja sokoni na majumbani, ilhali lugha ya kufundishia katika Chuo Kikuu cha Kisangani ni Kifaransa. Kwa hiyo, mwanafunzi wa biolojia hukutana na kiumbe yuleyule kwa jina la Kilatini kitabuni, kwa maelezo ya Kifaransa darasani, na kwa jina la jumla nyumbani.

Makala haya yanaeleza uainishaji wa familia moja ya vipepeo, yaani Nymphalidae, na anuwai yake katika misitu hiyo. Aidha, yanaonyesha kwamba suala la kuwatenga viumbe hawa na kuwapa majina lina uzito kwa msitu wenyewe na kwa lugha ya Kiswahili pia.

2.0 Alama za familia

Nymphalidae ni familia kubwa kuliko zote za vipepeo duniani. Ina takriban spishi 6,000. Familia hii imo katika oda ya Lepidoptera, ambayo nayo imo katika ngeli ya wadudu. Alama yake inayojulikana zaidi imo miguuni. Kila mdudu ana miguu sita, lakini kipepeo wa familia hii akitua huonekana kusimama kwa miguu minne. Jozi ya mbele imedumaa, imekunjwa kifuani, na mara nyingi imefunikwa na vinyweleo vingi mfano wa brashi. Ndiyo maana katika makala haya wanaitwa vipepeo wa miguu-brashi.

Miguu hiyo si mabaki yasiyo na kazi. Jike anapotafuta mahali pa kutaga mayai, huyagongagonga majani kwa miguu ya mbele ili kuuonja mmea na kutambua kama utawafaa viwavi wake. Alama nyingine za familia ni pupa ambaye kwa kawaida huning'inia kichwa chini bila uzi wa kumfunga kiunoni, na vipapasio vyenye mifuo miwili upande wa chini.

Ipo hitilafu moja inayofaa kukumbukwa. Katika nusufamilia ya Libytheinae, dume ana miguu ya mbele iliyodumaa, lakini ya jike ni mizima. Hii ina maana kwamba alama moja haitoshi kuainisha. Ni lazima alama kadhaa zichunguzwe kwa pamoja.

3.0 Historia fupi ya uainishaji

Mwaka 1758, Linnaeus aliwaweka vipepeo wote katika jenasi moja, Papilio, akawagawa katika makundi ambayo mojawapo aliliita Nymphales. Jina la familia lilitolewa na Rafinesque mwaka 1815. Katika sehemu kubwa ya karne ya 20, wataalamu wengi waliyahesabu kama familia kamili makundi ambayo leo ni sehemu tu za Nymphalidae: Danaidae, Satyridae, Acraeidae na Libytheidae. Msomaji wa vitabu vya zamani hana budi kulikumbuka jambo hilo, la sivyo atadhani kwamba vitabu viwili vinazungumzia viumbe tofauti.

Maarifa kuhusu vipepeo wa Kongo yalikusanywa hatua kwa hatua. Msafara wa jumba la makumbusho la New York, ulioongozwa na Herbert Lang na James Chapin kati ya mwaka 1909 na 1915, ulipitia Stanleyville na kukusanya wadudu wengi kaskazini mashariki mwa Kongo. Orodha ya vipepeo na nondo wake ilitolewa na W. J. Holland mwaka 1920. Mwaka 1981 Lucien Berger alichapisha kitabu kuhusu vipepeo wa nchi hiyo, iliyoitwa Zaire wakati huo. Mwaka 2010, watafiti wa Kongo na Ubelgiji, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Kisangani, walisafiri kwa mashua mtoni katika safari ya utafiti iliyoitwa Boyekoli Ebale Congo, jina la Kilingala lenye maana ya kuuchunguza Mto Kongo.

Tangu mwanzo wa karne ya 21, uchunguzi wa DNA umesaidia kuthibitisha au kusahihisha mgawanyo uliotegemea umbo. Kwa sasa wataalamu wengi huigawa familia hii katika nusufamilia 12. Kati ya hizo, 10 zina wawakilishi barani Afrika.

4.0 Anuwai katika misitu ya Kisangani

Nusufamilia ya Limenitidinae ndiyo inayoupamba zaidi msitu wenyewe. Humo mna jenasi ya Euphaedra, yenye spishi zaidi ya 150, ambazo huruka chinichini kwenye kivuli zikimeta kijani, buluu au rangi ya chungwa. Humo pia mna Bebearia, Euriphene na Cymothoe. Dume wa Cymothoe sangaris ni mwekundu kama damu, ilhali jike wake ana rangi za kahawia au nyeupe zilizofifia. Mtu asiyejua angewahesabu wawili hao kuwa spishi mbili.

Charaxinae ni vipepeo wenye mwili mnene na mruko wa kasi. Spishi za Charaxes mara chache hufuata maua; hupenda utomvu wa miti, matunda yaliyooza na hata kinyesi cha wanyama. Satyrinae, kinyume chake, wengi wana rangi ya udongo na madoa yanayofanana na macho. Jenasi ya Bicyclus, yenye takriban spishi 100, ni ya kundi hili, na viwavi wake hula nyasi.

Heliconiinae huwakilishwa hasa na Acraea, wenye mruko wa polepole na mwili wenye sumu. Danainae nao hupata sumu yao kutoka kwenye mimea, hasa ile yenye utomvu mweupe kama maziwa. Nymphalinae ni pamoja na Junonia na Hypolimnas, ambao wengi wao huonekana mashambani na kandokando ya barabara. Nusufamilia nyingine, kama Biblidinae, Cyrestinae, Apaturinae na Libytheinae, zina spishi chache zaidi, lakini bila hizo picha ya familia haikamiliki.

5.0 Sura inapodanganya

Ugumu mkubwa wa uainishaji ni kwamba kufanana si udugu. Mfano ulio wazi ni wa Danaus chrysippus na Hypolimnas misippus, ambao wote wameenea sana barani Afrika. Wa kwanza ana sumu, na ndege aliyemwonja mara moja humwepuka. Wa pili hana kinga hiyo, lakini jike wake amevaa rangi zilezile za chungwa, nyeusi na nyeupe. Dume wa Hypolimnas misippus hafanani nao hata kidogo: ni mweusi mwenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na zambarau. Uigaji wa namna hii ulielezwa kwanza na Henry Walter Bates mwaka 1862, baada ya uchunguzi wake katika msitu wa Amazon.

Anayetaka kuwatenganisha huacha rangi ya jumla na kutazama mambo madogo. Danaus ana vidoa vyeupe kwenye kichwa na kifua cheusi, na madoa kadhaa meusi katikati ya bawa la nyuma. Jike wa Hypolimnas ana doa moja tu karibu na ukingo wa mbele wa bawa hilo.

Mwanafunzi wa Kiswahili ana mfano wa jambo hili katika sarufi. Neno kipepeo lina kiambishi cha ngeli ya KI-VI, kama kisu na kiti. Kwa kutazama umbo peke yake, mtu angetarajia kusema kipepeo kinaruka. Hata hivyo, Kiswahili sanifu husema kipepeo anaruka na vipepeo wanaruka, kwa sababu upatanisho wa kisarufi hufuata uhai wa kiumbe na kuacha vazi la neno. Mwanasarufi huyatenga makundi kwa kutazama tungo nzima. Mwanabiolojia hufanya hivyo kwa kutazama miguu, vishipa vya mabawa, viwavi na DNA. Wala si ajabu kwamba wataalamu wa istilahi walilichukua neno ngeli la wanasarufi na kulitumia pia kwa daraja la uainishaji wa viumbe.

Spishi moja huweza pia kuwa na sura mbili kulingana na majira. Bicyclus anynana wa mashariki mwa Afrika huwa na madoa makubwa ya macho wakati wa mvua, na madogo sana wakati wa kiangazi. Tofauti hiyo hutokana hasa na joto analolipata kiwavi anapokua.

6.0 Uzito wa hesabu

Swali huweza kuulizwa: kuna faida gani kutenganisha Euphaedra mmoja na mwingine? Jibu limo katika hali ya msitu. Kilometa zipatazo 15 kutoka Kisangani ipo hifadhi ya Masako, iliyotengwa mwaka 1953 na yenye eneo la hekta 2,105. Upande wa barabara ya Ubundu ipo hifadhi ya Yoko, yenye hekta 6,975. Misitu iliyo karibu na mji hukabiliwa na mahitaji ya mashamba, kuni na makaa. Mti mkubwa ukikatwa, jua hupenya, nyasi huota, na vipepeo wa kivulini huwapisha wale wa mahali peupe.

Mabadiliko hayo huweza kupimwa kwa njia rahisi. Mtego wa chandarua wenye ndizi iliyochacha huwavuta Charaxes, Euphaedra, Bebearia na Bicyclus. Mitego ikiwekwa katika msitu wa asili, katika vichaka vya mashamba yaliyoachwa na katika mashamba yenyewe, orodha tatu tofauti hupatikana. Lakini mtafiti asiyezitofautisha spishi huweza kuhesabu vipepeo 100 kila mahali na kusema kwamba hakuna kilichopotea, wakati spishi za msituni zimekwisha kutoweka na nafasi yao kuchukuliwa na zile za mashambani. Kosa la jina huwa kosa la hesabu, na kosa la hesabu huwa uamuzi mbaya juu ya msitu.

Wenyeji nao wana ujuzi wao. Katika masoko ya Kisangani huuzwa viwavi wa kuliwa, waitwao mbinzo kwa Kilingala. Miongoni mwao ni viwavi wa nondo Imbrasia oyemensis, ambao hula majani ya msapeli, mti unaotafutwa sana na wakataji wa mbao. Muuzaji wa viwavi anayetambua kila aina na mti wake tayari ni mwainishaji, ingawa uainishaji wake umejengwa juu ya chakula.

Huko pwani ya Kenya, mradi ulioanzishwa Gede mwaka 1993 ulichukua jina la Kiswahili, Kipepeo. Wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi, na pupa huuzwa kwa maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Mkulima anayetengeneza oda ya pupa hawezi kuridhika na jina la jumla. Hana budi kuijua spishi na mmea wake.

7.0 Hitimisho

Kiswahili hakina upungufu wa zana za kueleza uainishaji. Maneno oda, familia, jenasi na spishi yamezoeleka, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kilichobaki ni majina ya viumbe wenyewe chini ya ngazi ya kipepeo. Majina hayo hayawezi kutungwa ofisini peke yake. Yanahitaji kukusanywa Masako, Yoko, Gede na kwingineko, kutoka kwa wanaowaona viumbe hao kila siku, kisha yalinganishwe na majina ya kisayansi. Kazi hiyo inamhitaji mwanaisimu na mwanabiolojia kwa pamoja, na inafaa ifanywe wakati ambapo spishi zinazohusika bado zinaruka msituni.