‘Nahisi kama kula mihogo’: Tusikibebeshe ‘kuhisi’ mzigo wa ‘feel’

JIONI pale Mama Ngina, kisiwani Mombasa, si ajabu kusikia vijana wakisema: “Nahisi kama kula mihogo”, “Leo nafeel baridi” au “Shati hili linahisi laini.” Kauli hizi zimeundwa kwa kuigiza kitenzi cha Kiingereza ‘feel’.

Kiswahili huigawa kazi ya kitenzi hicho. Baridi, haya, raha na wivu huonwa: naona baridi, naona haya. Njaa, kiu na maumivu aghalabu husikiwa: nasikia njaa, au ‘naskia’ katika mazungumzo. Wapo pia wanaosema ‘naona njaa’, na si kosa. Kwa uchovu na furaha tuna vitenzi kamili: nimechoka, nimefurahi. Anayetaka mihogo ana hamu ya mihogo. Shati nalo halina hisia. Ni laini ukiligusa.

‘Kuhisi’, neno lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya kutambua jambo kwa hisia, lakini pia kukisia au kushuku. Hapa ndipo uangalifu unapohitajika. Mama akimwambia daktari, “Nahisi mtoto ana homa,” huenda anakisia tu. Akisema, “Mtoto anasikia maumivu ya tumbo,” anaeleza dalili. Mkalimani akizitafsiri kauli zote mbili kwa ‘feel’, daktari atakosa kujua lipi ni dhana na lipi ni dalili.

Basi kabla ya kuandika ‘nahisi’, jiulize: unaona, unasikia, una hamu, au unakisia?